Jenereta ya sumaku na koili: ninavyopima inachokula na inachotoa

Fundi akitaka kukuonesha jenereta aliyoisuka mwenyewe, mara nyingi huizungusha kwa mkono, akashika ncha za multimita kwenye waya mbili, na namba ikapanda: volti 20, 30, hata 60. Namba hiyo ni ya kweli lakini haisemi lolote kuhusu nguvu. Koili ya mizunguko 1,000 ya waya mwembamba itatoa volti nyingi, ila ukiifunga taa ya gari ya wati 21, volti zinaanguka na taa haiwaki hata wekundu. Wati huonekana jenereta inapobeba mzigo, na hesabu haijakamilika mpaka ujue kile kinachoizungusha kinakula kiasi gani wakati huohuo. Hapa naeleza ninavyopima pande zote mbili kwa vifaa ambavyo fundi wa Chake Chake au Darajani, hapa Zanzibar, anaweza kuvipata.

Mashine ninayoitolea mfano ni ya sahani mbili za chuma cha milimita 6. Kila sahani ina sumaku 12 za neodimiamu, duara, upana milimita 30 na unene milimita 10, zimepangwa kaskazini na kusini kwa kupishana, na sahani zinapotazamana kila sumaku inaivuta mwenzake. Katikati kuna stata, yaani sehemu isiyozunguka inayobeba koili, ya unene wa milimita 10, iliyomwagwa kwa resini ileile wanayotumia mafundi wa boti za faibaglasi. Nafasi kutoka sumaku hadi sumaku ni milimita 14, yaani milimita 2 kila upande wa stata. Ndani yake mna koili tisa, kila moja mizunguko 70 ya waya wa vanishi wa milimita 1, na tundu la milimita 28. Koili moja inakula mita 8 na kidogo, kwa hiyo zote tisa ni kama nusu kilo ya waya. Nunua gramu 600 kwa wale wanaosuka mota za pampu, maana koili moja lazima iharibike. Koili ya 1, 4 na 7 zinafungwa mfululizo na kuwa fezi moja, 2, 5 na 8 fezi ya pili, 3, 6 na 9 ya tatu. Mianzo mitatu inaunganishwa pamoja kuwa nyota, miisho mitatu inakwenda kwenye dayodi sita zinazougeuza umeme kuwa mkondo mnyoofu.

Kuzileta sahani mbili karibu si kazi ya mikono. Tumia boliti tatu ndefu zenye nyuzi, uzishushe sahani taratibu kwa spana, kwa sababu zikikutana na kidole katikati hakuna mtu wa kuzitenganisha haraka.

Kabla ya kuzungusha chochote, napima ukinzani wa koili. Multimita ya kawaida haifai kwa kazi hii. Koili moja ina omu 0.18, na waya za multimita zenyewe zina omu 0.2 au zaidi, kwa hiyo utakuwa unazipima waya zako. Njia ninayotumia ni kupitisha ampea 1 ya mkondo mnyoofu kwenye koili kutoka kwenye pawasaplai, halafu nagusa ncha za multimita, upande wa milivolti, palepale waya wa koili unapoanza. Milivolti 180 ni omu 0.18. Fezi nzima itasoma milivolti 540, na kutoka fezi hadi fezi ni volti 1.08, yaani omu 1.08. Iandike namba hii ya mwisho, ndiyo itakayoeleza kila kitu baadaye.

Koili ikisoma chini ya wenzake kwa sehemu kubwa, ama umehesabu mizunguko vibaya, ama vanishi imekwaruzika na baadhi ya mizunguko imegusana. Hiyo ya pili ni mbaya kuliko watu wanavyodhani. Mizunguko iliyogusana ni mzigo usiozimika: hata ukiwa hujafunga kitu, inazalisha mkondo ndani yake, inapata moto, na shafti inakuwa nzito. Itoe koili hiyo kabla ya kumwaga resini, kwani ikishaganda stata yote ni ya kutupa.

Sasa kuzungusha. Mimi natumia mota ya skuta ya umeme, volti 24, wati 250, kwa mkanda, ikilishwa na betri mbili za gari. Mota ikiwa na kidhibiti cha kasi, pima ampea na volti kati ya betri na kidhibiti, wala usipime kati ya kidhibiti na mota. Kidhibiti kinaukata mkondo maelfu ya mara kwa sekunde, na multimita ya bei rahisi ikiwekwa baada yake inatoa namba isiyo na maana. Nimeona majedwali mazima ya majaribio yenye wati nyingi zinazotoka kuliko zinazoingia, na chanzo kilikuwa mita kuwekwa upande huo tu.

Kasi haihitaji kifaa maalumu. Multimita nyingi siku hizi zina alama ya Hz. Mashine ya nguzo 12, yaani sumaku 12 kwa kila sahani, inatoa mawimbi 6 kwa kila mzunguko mmoja, kwa hiyo zidisha hezi kwa 10 upate raundi kwa dakika: hezi 30 ni raundi 300. Multimita ya pili inabaki kwenye fezi muda wote wa jaribio ikisoma hezi, na kila ninapobadilisha mzigo naongeza kasi ya mota mpaka irudi 30. Usipofanya hivyo, mzigo unapunguza kasi, kasi inapunguza volti, na wewe unalinganisha vitu viwili tofauti.

Mzigo nao uwe wa kuaminika. Taa ya gari si mzigo wa kupimia, kwa sababu ukinzani wake ukiwa baridi ni kama sehemu ya kumi ya ulivyo ikishawaka. Kitu kizuri ni koili ya jiko la umeme, ile ya spring. Koili ya wati 1,000 kwa volti 230 ina omu 53. Ikate vipande kumi vilivyo sawa, kila kimoja kinakuwa na omu 5 na ushei, punguza kidogo kila kimoja mpaka kifike 5 kamili. Nikromu, yaani waya wa koili hiyo, ukinzani wake haubadiliki sana ikipata moto. Kipande kimoja ni omu 5, viwili sambamba ni omu 2.5, vitano ni omu 1. Vibane kwa boliti na nati juu ya kipande cha kigae, maana solda haishiki kwenye nikromu na plaiwudi itaungua.

Upande wa kuingia ndio wengi wanauruka, nao ndio moyo wa kazi. Ampea za mota zinakuonesha mwelekeo, lakini ndani yake mna hasara za mota yenyewe na za mkanda. Ili kupata nguvu inayofika kwenye shafti ya jenereta hasa, naiacha fremu ya stata ielee juu ya beringi zake badala ya kuifunga kwenye meza. Jenereta inapobeba mzigo, sumaku zinaiburuta stata izunguke nazo. Kwenye fremu kuna mkono wa chuma, na ncha yake inakaa juu ya mzani wa jikoni wa kilo 5. Kutoka katikati ya shafti hadi pale ncha inapogusa mzani ni sentimita 25, na mkono lazima ulale sawa kwa pimamaji. Shafti ikiwa imesimama, bonyeza mzani urudi sifuri. Waya zinazotoka kwenye stata ziwe laini na zitokee karibu na shafti, zikining'inia mbali zinauvuta mkono na mzani unadanganya kwa gramu kadhaa.

Hesabu ni hii: kilo zilizosomwa, mara 9.81, mara 0.25, unapata nyutoni-mita. Zidisha kwa raundi, halafu kwa 0.1047, unapata wati. Kwa raundi 300 na mkono wa sentimita 25, kila gramu 100 ni wati 7.7.

Bila mzigo, mashine hii kwa raundi 300 inasoma volti 17.5 baada ya dayodi na mzani unasoma gramu 65, yaani wati 5. Hizo ni za beringi na upepo. Jenereta yenye boliti au nati ndani ya koili itasoma mara kadhaa ya hapo, kwa sababu chuma kizima kinazalisha mikondo ya ndani na kupata moto bila faida. Ukitaka kuhakikisha, toa boliti, zungusha tena, tazama mzani.

Kipande kimoja cha omu 5: volti 14.4, ampea 2.9, zinatoka wati 41. Mzani umepanda gramu 770, zinaingia wati 59. Vipande viwili: volti 12.2, ampea 4.9, zinatoka wati 60, mzani gramu 1,265, zinaingia wati 97. Vipande vitano: volti 8.4, ampea 8.4, zinatoka wati 71, lakini mzani unasoma gramu 2,130, zinaingia wati 164.

Tazama tofauti ya jaribio la pili na la tatu. Umeongeza wati 11 tu za kutoka, ukalipa wati 67 za kuingia. Zilizobaki ziko ndani ya koili: ampea 8.4 mara 8.4 mara omu 1.08 ni wati 76 za joto kwenye shaba na resini. Dayodi zinachukua volti 1.4, yaani wati 12 nyengine. Ongeza zile 5 za mwanzo, hesabu inafunga. Jaribio lako likifunga hivi, ndani ya asilimia 5, mita zako ziko sawa. Lisipofunga, tafuta kosa kwenye mita kabla ya kutafuta ajabu kwenye sumaku.

Kuna hesabu moja iliyoenea sana ambayo ningependa mafundi wetu waiache: kuchukua volti za bila mzigo, kuzizidisha kwa ampea za shoti, na kuita hizo wati za jenereta. Hapa ingekuwa 17.5 mara 16.2, karibu wati 283. Ukweli ni kwamba volti 17.5 zipo wakati ampea ni sifuri, na ampea 16 zipo wakati volti ni sifuri. Nguvu ya juu kabisa ambayo mashine ya aina hii inaweza kutoa kwa kasi hiyo ni robo ya jibu hilo, kama wati 71, na hata hapo nusu ya nguvu inachoma koili. Mtu akikuuzia jenereta ya wati 300, muulize alipimaje.

Na kuhusu wanaodai kwamba mota inaweza kuzungusha jenereta, halafu jenereta ikailisha mota hiyohiyo bila kuhitaji umeme mwengine: tazama betri. Bila mzigo mota yangu inakula wati 27 hivi. Nikifunga vipande viwili inakula wati 160, na zinazorudi ni 60. Faraday alionesha mwaka 1831 kwamba sumaku inayopita kwenye koili inazaa umeme, na Lenz mwaka 1834 akaeleza kwamba mkondo unaozaliwa siku zote unapinga mwendo uliouzaa. Ule uzito unaousikia kwenye shafti unapofunga mzigo ndio malipo ya umeme wenyewe. Wapo wanaoonesha koili ambayo ukiipiga shoti ampea za mota zinapungua. Hilo hutokea kwa koili za mizunguko mingi zenye chuma ndani, kwa kasi kubwa, kwa kuwa koili yenyewe inauzuia mkondo. Pima wati zinazotoka wakati huo, utakuta nazo zimeshuka.

Jaribio la dakika mbili halitoshi. Iache mashine na vipande viwili kwa nusu saa. Shaba inaongeza ukinzani kwa karibu asilimia 0.4 kwa kila digrii, kwa hiyo koili zikitoka nyuzi 30 hadi 80, omu 1.08 zinakuwa 1.28, na wati 60 zinashuka hadi 54. Nyuzi 80 pia ndiyo mwisho wa sumaku za kawaida za neodimiamu, zikipita hapo zinapoteza nguvu na hazirudi zikipoa. Chumvi ya pwani nayo huingia pale ganda la nikeli la sumaku lilipokwaruzika, sumaku inavimba kwa kutu na kula zile milimita 2. Zipake resini zote, pembeni hasa.

Kama jenereta ni ya kuchaji betri kwa upepo, rudia jaribio ukiwa na betri ya volti 12 badala ya vipande, kwani betri inashikilia volti na tabia inabadilika. Mashine hii haianzi kuchaji mpaka raundi 225. Kwa 300 inaingiza ampea 4.4 kwenye betri iliyo na volti 12.8. Kwa 400 zinakuwa karibu 10, na joto la koili linapita wati 110. Upepo wa kusi unaweza kuifikisha hapo kwa saa nyingi mfululizo, na stata ya resini haitastahimili. Kwa hiyo namba ya kumpa fundi anayetengeneza mapanga ya upepo na mkia wake ni raundi 320: mkia uyageuze mapanga yaukwepe upepo kabla ya kasi hiyo, au usuke upya kwa waya wa milimita 1.2 na mizunguko 50.