Muziki wa luti kwenye kengele za karilioni: punguza besi kwanza

Walimu wa kwaya wa Iringa na Mbeya mnaopanga nota kwa kompyuta, kuhamishia muziki wa luti kwenye karilioni kutawafundisha kupunguza nota, hata kama karilioni nyingi ziko mbali, kama vile Ubelgiji na Uholanzi.

Luti ni ndugu wa udi wa taarabu: uzi ukiguswa, sauti hufifia upesi. Karilioni ni kengele 23 au zaidi mnarani. Mpigaji hugonga vijiti vya mbao kwa ngumi, na kengele kubwa huzipiga kwa pedali za miguu. Hakuna kitu cha kuzima sauti. Mnajua kengele ya misheni inavyoendelea kulia bondeni wakati kamba imeshaachiwa.

Anza na tabulatura, yaani maandishi ya luti yanayoonyesha uzi upi ubonyezwe na wapi. Ile ya Kifaransa ina mistari sita kwa safu sita za nyuzi. Herufi a ni uzi wazi, b ni freti ya kwanza, yaani kigawanyo cha kwanza shingoni. Luti ya kawaida ya safu sita hufungwa G, C, F, A, D, G kutoka chini. Alama za juu zinasema lini upige, hazisemi sauti ikome lini. Kwa hiyo tenga mwenyewe soprano na besi kwenye stafu (mistari mitano ya nota), kisha ndipo uangalie sauti za kati.

Karilioni nyingi huanzia C na hazina C-kali ya chini kabisa. Ukipandisha wimbo nusu toni tano, G ya luti inakuwa C, na kengele 47 zinautosha. Kwenye kengele 23 haitoshi. Besi ipande oktava nzima.

Tatizo kubwa ni mi. Ndani ya mlio wa kengele ya do mna ma (mi iliyoshushwa nusu toni), inayosikika wazi kabisa. Ukiweka do na mi karibu karibu chini, ma na mi zinagombana na sauti inachafuka. Ipandishe mi oktava moja au iondoe. Do na so zibaki. Nyimbo za hali ya minor hazisumbui hivyo, nami ningeanza nazo.

Kodi (nota zinazopigwa pamoja) ya nota sita ibaki na tatu. Mapambo ya haraka yaache juu, maana kengele ndogo hunyamaza mapema. Kwenye besi yafute, bakiza nota ya kwanza ya kila pigo.

Kupima, piga mpango wako kwenye piano huku pedali ya kulia imekanyagwa mwanzo hadi mwisho. Besi ya kodi iliyopita ikigombana na kodi mpya, punguza mwendo au ifute.