Injini ya gari la mbio iliyogonga nikishuka Morogoro

Injini ni 4A-GE ya Toyota, niliyoijenga nyuma ya nyumba hapa Dodoma nikaipachika kwenye Corolla kuukuu, pamoja na kabureta mbili. Hapa ilivuta vizuri mno. Nikishuka Morogoro na kukanyaga mafuta mpaka mwisho, ikagonga, yaani mafuta yakalipuka ovyo ndani ya silinda, kwa mlio kama kokoto ndani ya kopo.

Nilianza kwa kulaumu petroli, nikakosea. Plagi ya silinda ya 3 ilikuwa nyeupe pepepe, dalili ya joto kupita kiasi, na kando ya pistoni kulikuwa na vidoa kama vimechomwa na sindano. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hewa yake ni nyepesi kuliko ya Morogoro na silinda hujaa hewa kidogo, ndiyo maana kosa lilikuwa limejificha.

Ili nipime ujazo, nikalaza silinda hedi (kifuniko cha juu cha injini) kwenye benchi, nikafunika chemba, shimo ambamo mafuta huwaka, kwa plastiki angavu yenye tundu, nikajaza maji ya rangi kwa bomba la sindano la duka la dawa. Nikijumlisha nafasi ya gasketi iliyo chini ya hedi na kutoa kichuguu, yaani mwinuko wa juu ya pistoni, zilibaki sisi (cc, sentimita za ujazo) 36. Silinda moja ni sisi 397, kwa hiyo mgandamizo, yaani hewa inavyobanwa pistoni ikipanda, ulikuwa (397 + 36) ÷ 36, karibu 12 kwa 1. Mkubwa mno kwa petroli ya kituoni.

Gasketi nene ingeupunguza, lakini inapanua mwanya kati ya ukingo wa juu wa pistoni na hedi, na mwanya huo ukiwa mwembamba ndio unaozuia kugonga. Nikanunua pistoni zenye kichuguu kifupi: sisi 40.5, mgandamizo 10.8. Kwa Morogoro nikaweka jeti kubwa zaidi, vitundu vya kabureta vinavyopitisha petroli, maana hewa nzito inataka petroli zaidi.

Haigongi tena. Plagi zina rangi ya kahawia, ishara ya kuwaka sawasawa.