Nimekwama video ya tatu

Jumapili, saa nne na nusu usiku. Umeme umerudi sasa hivi. Mwenzangu wa chumbani amelala kageukia ukuta, mimi nimefungua laptop nikijua nitapiga msuli, badala yake nimeanza kuhesabu. Kwenye folda niliyoiita HESABU MUHIMU SANA mna video 34. Nilizotazama hadi mwisho ni tatu.

Nilizishusha mwezi wa pili, wiki ile bumu, hela ya mkopo wa chuo, lilipoingia. Wanaojua wanajua, wiki hiyo kila mtu ana mipango. Nilijiunga bando la usiku, nikatega alamu saa nane, nikakaa hadi adhana ya alfajiri nikishusha moja baada ya nyingine. Darasani nilisinzia, lakini kwa fahari. Nilimtangazia kila aliyekaa karibu nami kwamba safari hii sapu (mtihani wa marudio) ya hesabu naisikia kwa jirani. Sasa naona ile fahari ndiyo iliyonimaliza. Nilijisikia mtu aliyekwisha kusoma, wakati nilichofanya ni kujaza diski. Waliotutangulia walikuwa hivyo hivyo na madesa, zile notsi za kunakili: foleni steshenari, kopi za kurasa 200, kisha zinalazwa chini ya godoro kana kwamba maarifa hupanda juu yenyewe usiku.

Video zenyewe hazina kosa. Ni za mzee Gilbert Strang wa MIT, Marekani, somo la aljebra ya mstari, hesabu za milinganyo mingi kwa pamoja. Chuo hicho kilitangaza mwaka 2001 kwamba kitaweka masomo yake mtandaoni bure, na mihadhara hii ilirekodiwa 1999, wengi wetu hatujazaliwa. Hakuna muziki wala katuni. Ni mzee, chaki na mbao zinazopanda na kushuka. Anauliza swali, ananyamaza, anatazama wanafunzi kana kwamba hata yeye hana uhakika na jibu. Alistaafu mwaka 2023, amefundisha zaidi ya miaka 60, na mimi huku namtazama akiwa na nguvu zake zote. (Ushauri wa bure: usimtazame kwa ubora wa 144p ili kuokoa bando. Namba zote za ubaoni zinakuwa sisimizi.)

Kwa nini tunakimbilia video? Watu husema ni uvivu wa kuhudhuria. Mimi nasema ni aibu. Mhadhara wetu una watu zaidi ya mia tatu, spika inakoroma, na somo ni Kiingereza kuanzia salamu. Hesabu nilifundishwa kwa Kiswahili hadi darasa la saba, na mpaka leo kichwani nazidisha kwa Kiswahili. Kuinua mkono mbele ya umati ule uulize kitu kwa Kiingereza cha kuungaunga, halafu usikie mtu nyuma anasonya, hapana. Bora nikae na ujinga wangu. Video haisonyi. Nairudisha nyuma mara tisa, napunguza kasi, mzee harudii kwa hasira.

Salman Khan, yule wa Khan Academy, tovuti ya masomo ya bure, alianza mwaka 2004 kwa kumfundisha hesabu binamu yake Nadia kwa simu, kila mmoja akiwa mji wake. Alipoanza kuweka video YouTube mwaka 2006, binamu zake wakamwambia wanampenda zaidi akiwa kwenye video kuliko akiwa mwenyewe. Yeye husimulia kama kichekesho. Mimi sikucheka, niliwaelewa kabisa.

Basi kama aibu imeondoka, kwa nini folda imejaa vumbi?

Kuna utafiti wa mwaka 2014, Guo na wenzake wawili, waliochambua mara milioni 6.9 ambazo watu walifungua video za masomo ya edX, jukwaa la kozi za mtandaoni. Waliona kwamba hata video iwe ndefu vipi, mtazamaji wa kati hakai nayo zaidi ya dakika sita hivi. Nilipousoma nilifurahi, nikaona si mimi peke yangu, na video za mzee zinakaribia dakika 40 au zaidi. Furaha ilikatika nilipokumbuka kwamba wiki hiyohiyo nilikuwa nimemaliza vipande vinane vya tamthilia ya Kituruki bila kusimama hata kunywa maji.

Nadhani nimeanza kuona jambo lenyewe. Hizo tatu nilizomaliza, zote nimezimaliza ndani ya wiki tatu hizi, na si kwa sababu ya mtihani.

Ilikuwa Jumatano, nimekaa kimbweta nje ya maktaba, akaja dogo wa mwaka wa kwanza. "Samahani dada, nimesikia wewe hesabu unaziweza." (Yale matangazo yangu ya mwezi wa pili yalikuwa yamefika mbali.) Video ya kwanza nilikuwa nimeifungua mara tatu, kila mara naikimbiza kipande kwa kipande nikitikisa kichwa kwa kukubali, kwa hiyo sikuwa na wasiwasi. Nikamwandikia milinganyo ileile ya mzee: 2x − y = 0, na −x + 2y = 3. Nikachora mistari miwili, ikakutana kwenye (1, 2). Dogo akafurahi. Kisha akauliza, "Na hii picha ya pili, ya safu za kusimama, inakuwaje?"

Nikaanza, "Ukichukua hii..." Kalamu ikagoma. Nikagundua sijawahi kuielewa. Nilichokijua ni kuufuata mkono wa mzee anapoandika, kama mtu anayeitikia wimbo ambao peke yake hawezi kuuanzisha.

Nikamwambia dogo arudi kesho yake. Niseme ukweli, nilitamani asirudi. Usiku ule nikaifungua tena, safari hii na karatasi, na kila mzee alipotaka kuandika nilimsimamisha nikaandika kwanza mimi. Nilikosea, nikamwachia, nikaona alipopita, nikafuta. Zile dakika 40 zilinila karibu saa mbili. Chukua safu ya kwanza, yaani namba za x zikipangwa wima, mara moja: (2, −1). Chukua ya pili, ya namba za y (−1, 2), mara mbili: (−2, 4). Jumlisha, unapata (0, 3), upande wa kulia wa milinganyo. Ndiyo hiyo tu! Kwamba x na y ni kiasi gani uchote kutoka kila safu. Nilipiga meza, mwenzangu akaamka akanisonya. Kumbe kusonywa hakuui.

Dogo alirudi, na wenzake wawili. Sasa wanakuja kila Jumatano, wale watatu na daftari moja la kuchangia, na kila Jumanne usiku mimi nakesha. Video imeniondolea aibu ya kuuliza, sawa, lakini ilimwondoa pia mtu wa kunisubiri, na mimi nisiposubiriwa silimalizi jambo. Wapo wasiohitaji. Mwenzangu huyu aliyelala humaliza kozi nzima mtandaoni peke yake, kimya, kama anayekunja nguo. Namwonea wivu.

Ya tatu inahusu kuzidisha matriki, yale majedwali ya namba, na vinyume vyake. Tumekaa hapo wiki nzima, na ya nne siifungui mpaka wao wafike.

Simu imewaka. Ni dogo.

"Dada umelala? Mbona kwa matriki AB haiwi sawa na BA wakati namba za kawaida zinakubali?"

Jibu lake nalijua kwa kulikariri tu. Nimemwandikia, "Sijalala," na sasa natafuta kalamu.