Kuuza nyumba Dar bila dalali: faili kwanza, tangazo baadaye

Dalali wa Dar es Salaam huomba asilimia 5 hadi 10 ya bei ya nyumba. Wengine hawaongelei asilimia kabisa, wanaweka cha juu: wewe unataka milioni 120, mnunuzi anaambiwa 135. Kwenye milioni 120, hata hiyo asilimia 5 ni milioni 6. Yangu niliiuza bila kumpa mtu hiyo pesa. Ninayoeleza hapa ni kwa nyumba yenye hati ya wizara, yaani hati miliki iliyotolewa na wizara ya ardhi. Yenye karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa ina njia yake.

Mji wenye kuta zilizoandikwa "NYUMBA HII HAIUZWI, OGOPA MATAPELI" unamfanya mnunuzi aje na wasiwasi. Dalali, pamoja na kero zake zote, ni mtu wa kumkamata mambo yakiharibika. Ukimtoa, karatasi zako ndizo zitakazomtuliza mnunuzi. Kwa hiyo nilikamilisha faili kabla ya kutangaza popote: hati halisi, stakabadhi za kodi ya pango la ardhi hadi mwaka huu, nakala ya kitambulisho cha NIDA, TIN, picha za pasipoti, na majibu ya upekuzi, yaani ukaguzi wa daftari la umiliki, kutoka kwa Msajili wa Hati.

Upekuzi wauzaji wengi huuona ni kazi ya mnunuzi. Jifanyie wewe kwanza. Majibu yanaonyesha jina la mmiliki, na kama kuna rehani au zuio. Mkopo ulioumaliza zamani unaweza kuwa bado umeandikwa kwenye daftari kwa sababu hakuna aliyepeleka maombi ya kuifuta rehani, na kuifuta kunahitaji barua na sahihi za benki. Mnunuzi akiyaona hayo kabla yako, basi tena. Angalia na majina: kwenye hati "Mohamed", kwenye NIDA "Mohammed", na faili linasimama mpaka kiapo kipatikane.

Halafu kuna mwenza. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, hairuhusu nyumba ya ndoa kuuzwa bila ridhaa yake, hata kama hati ina jina lako peke yako. Ridhaa iwe ya maandishi, isainiwe mbele ya wakili. Asiye na ndoa ale kiapo kwamba hana.

Bei niliipata kwa mthamini aliyesajiliwa. Ripoti yake huidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, na ndiyo itakayotumika baadaye kwenye uhamisho, kwa hiyo pesa yake haipotei. Kabla ya kutaja bei kwa mtu, piga hesabu ya kodi. Mkazi wa Tanzania hulipa asilimia 10 ya faida: kiwanja na ujenzi viligharimu milioni 65 na una risiti, umeuza 120, faida ni 55, kodi milioni 5.5. Asiye na kumbukumbu za gharama hutozwa asilimia 3 ya bei au ya thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa. Kama umeimiliki na kuishi humo jumla ya miaka 3 au zaidi na faida haizidi milioni 15, umesamehewa. Ushuru wa stempu, asilimia 1, kwa desturi ni wa mnunuzi, ila uandikwe.

Wapo watakaokushauri muandike bei ndogo kwenye mkataba ili kodi ishuke. Usikubali. TRA wanaangalia thamani iliyoidhinishwa, na mkigombana, mahakamani una mkataba wa milioni 60 kwa nyumba ya 120.

Tangazo langu lilikuwa hivi: "Nyumba inauzwa Kinyerezi. Vyumba 3, kimoja masta, sebule, jiko, stoo. Kiwanja mita za mraba 620, fensi na geti. Hati ya wizara. Maji ya DAWASA, tangi lita 2,000. Mita 400 kutoka lami, gari inafika hata masika. Milioni 120, maongezi yapo. Mwenye nyumba mwenyewe." Picha ya barabara ya kuingilia ni muhimu kuliko ya sebule. Bei iandikwe juu ya kila picha, maana madalali watazichukua na kuzitupia kwingine na cha juu chao; nyumba moja ikionekana kwa bei mbili, watu wanahisi utapeli. Hati usiipige picha. Namba ya kiwanja na kitalu zinatosha mwanzoni. Namba ya hati mpe aliyekwisha kuja kuiona nyumba.

Anayepiga simu muulize mapema: taslimu au mkopo? Wa mkopo si mbaya, ila benki italeta mthamini wake, na pesa itatoka rehani yao ikishakaa sawa. Kama una haraka, chukua wa taslimu hata akipunguza kidogo. Na "bosi, shusha basi" ijibiwe nyumbani kwenyewe baada ya kukagua. Kwenye simu hapana.

Panapokwama zaidi ni malipo. Mnunuzi hataki kumaliza pesa kabla jina halijabadilika, na wewe hutaki jina libadilike kabla ya pesa. Tulichofanya: asilimia 30 siku ya kusaini mkataba, hati na fomu zilizosainiwa zikabaki kwa wakili, salio likalipwa kibali cha uhamisho kilipotoka, kabla faili halijaenda kusajiliwa. Mkataba utaje tarehe ya mwisho ya salio na nini kitatokea kwa ile asilimia 30 mmoja akijitoa. Kila upande uwe na wakili wake. Pesa ipite benki kwa TISS, mfumo wa kuhamisha pesa kati ya benki, na uthibitishe kwamba imeingia kwenye akaunti yako mwenyewe. SMS ya benki inaweza kughushiwa.

Fomu za ardhi ni namba 29 ya taarifa, 30 ya maombi ya kibali na 35 ya uhamisho, pamoja na mkataba, ripoti ya uthamini na uthibitisho wa kodi kutoka TRA. Zinaanzia ofisi ya ardhi ya halmashauri, zinaishia kwa Msajili. Malipo yote ni kwa namba ya kumbukumbu ya malipo (control number). Anayetaka mkononi mwombe hiyo namba.

Siku ya kukabidhi funguo, pigeni picha mita ya LUKU na ya maji, kisha mwende DAWASA kubadilisha jina la akaunti. Bili ya mwezi huo wa mwisho ni yako.