Kwenye Lutz, tazameni mguu wa kushoto

Makocha wenzangu wa kuteleza kwenye barafu, mruko wa Lutz huharibika kabla mtoto hajaruka. Anayezunguka kinyume na saa hurudi nyuma kwa ukingo wa nje wa chuma cha kiatu cha kushoto, kisha huchoma barafu kwa meno ya kiatu cha kulia. Akianza kuzungusha mabega mapema, kifundo hulalia ndani, ukingo hubadilika, na waamuzi hukata alama. Kwa kweli karuka Flip, mruko unaoanzia ukingo wa ndani. Jamani, msikimbilie mizunguko mitatu! Mrudisheni kwenye nusu mzunguko, mkono wa kushoto mbele, wa kulia nyuma. Kisha inameni mkague mstari alioacha kwenye barafu: ukijipinda kama S dakika ya mwisho, bado.