Siku moja na Chenji, konda wa kwenye gemu

Saa 12:40 asubuhi. Nimesimama kwenye daladala la kutoka Mbagala, shingo imepinda kwa sababu ya paa, na nakodolea macho mikono ya konda. Huenda anadhani nahofia chenji yangu. Ninachotazama ni noti: zimekunjwa kwa urefu, zimebanwa vidoleni, na kwenye kiganja hichohicho sarafu zinalia kila anapotaka nauli. Hasemi neno, watu wanajipapasa mifuko.

Nabuni wahusika wa gemu za simu. Hivi sasa tunatengeneza gemu ambayo mchezaji ni konda wa kike, jina lake Chenji.

Saa 2:15. Ofisi ni chumba kimoja Sinza, juu ya duka la vipuri. Nafungua Krita, programu ya kuchorea, na kuchora maumbo meusi tii, bila macho, bila nguo. Mhusika asipotambulika akiwa kivuli, rangi haitamwokoa. Walioifanya kazi hii vizuri kupindukia ni kampuni ya Valve, kwenye gemu yao ya Team Fortress 2 ya mwaka 2007: wapiganaji wa aina tisa, na kila mmoja unamjua kwa umbo tu akiwa mbali. Rangi wameiachia kazi nyingine, ya kukuambia yuko timu gani.

Kivuli cha Chenji kinachonivutia ni kile alichoning'inia mlangoni, mkono mmoja umeshika bomba, mwingine umetoka nje na noti zimechanua. Vingine vyote navifuta.

Saa 4. Chai, chapati na ubishi. Mfadhili wetu, ambaye yuko nje ya nchi, ameomba Chenji aongezewe shanga, shuka na alama usoni ili gemu "ionekane ya Kiafrika."

"Konda gani wa Temeke anavaa shuka?" anauliza kijana anayeandika programu.

Namjibu mfadhili kwa adabu, nikimtumia mfano wa Mario. Mwaka 1981, Shigeru Miyamoto, mbunifu wa kampuni ya Nintendo, alipomchora kwa ajili ya gemu ya Donkey Kong, alikuwa na vidoto vichache mno vya kuchorea. Masharubu yalimwepusha kuhangaika na mdomo, kofia ikamwondolea tabu ya nywele, na ovaroli ikafanya mikono ionekane inapochezacheza. Kila alichovaa kilikuwa na kazi. Shanga kwenye skrini ya simu, kwa mhusika asiyezidi urefu wa ukucha, zitaonekana kama uchafu. Hoja ya ukubwa wa skrini hukubaliwa haraka kuliko kusema tu kwamba makonda hawavai hivyo. Inaniudhi, lakini naitumia.

Saa 7 mchana. Wali maharage kwa mama ntilie. Foleni ndefu.

Saa 8. Sasa tabia, sehemu ninayoipenda kuliko zote. Mizimu minne ya Pac-Man, gemu ya mwaka 1980, ina umbo moja. Inatofautiana kwa rangi na mwenendo. Mwekundu anakufuata moja kwa moja. Wa pinki analenga mbele yako, akukate njia. Wa rangi ya chungwa anakusogelea, kisha akifika karibu anageuka na kwenda zake. Hawana pua wala mdomo, lakini ukicheza sana unaanza kuwachukia kila mmoja kwa sababu yake.

Basi Chenji naye: abiria akichelewa kulipa, anatikisa sarafu. Akiendelea kuchelewa, anazitikisia karibu na sikio la abiria huyo. Bado? Anaacha kabisa kumtazama, anawageukia abiria wengine.

"Dada, hapo tuweke sauti ya gari zima kucheka," anasema kijana wa programu. Naandika.

Tunakwama kwenye kuruka. Mimi nataka Chenji achuchumae kidogo kabla ya kudandia gari, maana mwili wenye uzito hujiandaa. Yeye anasema mchezaji akibonyeza anataka kuruka papo hapo. Fremu chache tu za kujiandaa, yaani picha chache za mwendo, na ataona simu yake inachelewa. Yuko sahihi. Kwa hiyo tunahamishia uzito mwishoni: Chenji anaruka mara moja, lakini akitua, magoti yanakunjika, noti zinatikisika na gari linayumba upande wake. Sasa ana kilo.

Saa 11 jioni. Banda la PS (PlayStation) hapo nyuma. "Shikamoo anti." "Marahaba." Nawaonyesha watoto gemu kwenye simu ya bei ya chini, wacheze kidogo, halafu naificha na kuwagawia karatasi: mchoreni. Simsaidii mtu. Karibu wote wanaanza na mkono, mkubwa kuliko kichwa, noti zikitoka pande zote. Mmoja kachora mkono na mlango, basi, na anasisitiza kwamba amemaliza. Kofia, niliyoihangaikia sana, haimo kwenye karatasi hata moja.

"Anti, akiibiwa hela je?"

Hilo hatujaliwaza. Naandika nalo.

Saa 2 usiku. Nyumbani, miguu kwenye beseni la maji. Namtumia kijana wa programu ujumbe: kofia inatoka, mkono unaongezwa ukubwa. Anajibu kwamba mkono ukiongezwa utapenya bati la daladala kila mlango unapofungwa. Namwambia mlango wa daladala letu haufungwi.