Nukta ya Penseli: Siku Nne Bamiyan

Ndege ya kutoka Kabul, mji mkuu wa Afghanistan, kwenda Bamiyan, katikati ya nchi, haikukaa hewani hata saa moja. Kwa gari zipo njia mbili, na ile inayokata Maidan Wardak wasafiri walikuwa wameibandika jina la barabara ya kifo, maana Wahazara, kabila la eneo hilo la kati, walikuwa wameteremshwa kwenye magari huko wakauawa. Basi Mei 2018 nikapanda ndege, mimi mtoto wa Tanga, mkobani nina daftari na kazi niliyoiona nyepesi: kuchora ramani ndogo ya nchi ya Wahazara, iende pamoja na makala yangu.

Dereva aliyenipokea alijitambulisha kuwa ndiye rahnama wangu, yaani mwonesha njia. Nilicheka peke yangu. Neno letu ramani limetoka humo humo, kwa mabaharia wa Kiajemi. Akanionesha vilele vya Koh-e Baba: "Barf." Barafu, nikamjibu. Tangu hapo tukaelewana, ingawa Kifarsi changu ni cha kuokoteza kwenye maduka ya Dubai.

Alinipeleka kwanza kwenye jabali. Humo zilichongwa sanamu mbili za Buddha, moja ya mita 55, mwenzake 38, na Taliban walizilipua Machi 2001. Yamebaki matundu mawili marefu, na njiwa. Dereva, Mhazara mwenyewe, alisema nyuso zile zilikuwa za mababu zake. Wapo wanaomkatalia: wao husema Wahazara ni uzao wa askari wa Kimongolia, kwa kuwa hazar ni elfu, na jeshi la Kimongolia lilipangwa kwa vikosi vya elfu elfu. Mimi nilidhani hayo ni mabishano ya wasomi. Kumbe anayekuita mgeni wa juzi ameshaanza kukupunguzia shamba.

Usiku, katika nyumba ya wageni, nilifungua daftari mbele ya wenyeji watatu: mwalimu, mzee mmoja, na kijana aliyekulia Quetta, upande wa Pakistani. Juu ya ukurasa nilikuwa nimeandika "Hazarajat", jina la nchi ya Wahazara. Chai haijapoa, ugomvi umeanza.

Kijana alitaka nifute niandike Hazaristan. Alisema hilo "-jat" ni la kutaja vitu kwa wingi, kama sabzijat, mboga za sokoni. Watu wenye kwao huitiwa "-stan". Mzee akakunja uso. Baba yake alisema Hazarajat na babu yake vilevile, na jina jipya litaifanya Kabul iamini wanataka kujitenga. Kijana alimjibu kwa adabu, akimwita kaka, ambalo kwa Kifarsi cha huko ni ndugu wa baba, lakini hakurudi nyuma hata hatua. Mwalimu alituchekea sote. Nchi imegawanywa mikoa 34, alisema, na hakuna unaoitwa hivyo wala vile. Maofisa husema "maeneo ya kati", basi.

Tukaja kwenye mipaka. Bamiyan ilipita bila neno, na Daykundi pia, mkoa uliokatwa kutoka Uruzgan mwaka 2004. Jaghori na Malistan za mkoa wa Ghazni nazo zikaingia. Behsud, huko Maidan Wardak, ndiko penseli ilikokwama. Wafugaji wa kuhamahama wanaoitwa Wakuchi hufika huko na mifugo yao majira ya joto, wakidai malisho kwa hati zilizoanzia enzi za Amiri Abdur Rahman Khan, mtawala wa Afghanistan mwishoni mwa karne ya 19, na watu wamekufa kwa ajili ya majani hayo. Mstari wangu pale ungekuwa ushahidi wa kesi. Wala huwezi kukimbilia takwimu: sensa iliyoanzwa mwaka 1979 haikumalizika, na kila mtu ana hesabu yake ya Wahazara.

Dereva alikuwa kimya muda wote huo. Akaichukua penseli mkononi mwangu, akaweka nukta mbali kusini, nje kabisa ya mstari, katika mkoa wa Zabul. Dai Chopan. Ni jina la kabila la Kihazara. Walioko huko leo ni Wapashtuni, kabila jingine kubwa la nchi. Abdur Rahman aliwavunja Wahazara katika vita vya 1891 hadi 1893, akagawa ardhi yao, na waliosalia wakatawanyika, wengine hadi Mashhad, Iran, na Quetta. Watu wa dereva walitoka Dai Chopan.

"Ukiiweka hiyo," mwalimu akamwambia, "wenye nyumba watasema tunakuja kuwafukuza."

"Nisipoiweka?"

Mzee akaomba chai nyingine.

Nililala vibaya. Mwalimu aliongea kwa hofu ya haki, wala sikuona ulipo uongo wa dereva. Mmoja alitaka ramani ya wanaoishi, mwingine ya waliofukuzwa, na mimi nilikuwa na ukurasa mmoja. Kesho yake tulikwenda Band-e Amir, maziwa ya buluu kali ambayo tangu 2009 ni hifadhi ya taifa ya kwanza ya Afghanistan, na siku nzima hakuna aliyelitaja daftari. Dereva alinunua samaki wa kukaanga, akakataa nilipe hata senti.

Nyumbani niliichora upya kwa wino. Mhariri akanipigia simu kuuliza kama ile nukta ya chini ni doa la chai.

Nikamwambia aiache.